Habari za Ua la Usambara

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya mfalme wala ya vita. Ni historia ya mmea mdogo ambao ukiuweka mezani hauzidi sana kimo cha bilauri. Watu wengi duniani wanao ndani ya nyumba zao, na wengi wao hawajui ulikotoka. Ulitoka kwetu.

Kwanza nieleze ulivyo, maana huenda wako kati yenu ambao hawajauona. Majani yake ni mazito, ya mviringo, nayo yana vinyweleo laini kama sikio la paka. Hayapandi juu kama majani ya mchicha. Yote hutoka katikati, yakalala kwa duara kama sahani. Mmea hubaki na majani mabichi mwaka mzima, masika na kiangazi. Katikati ya majani hayo hutoka maua madogo ya rangi ya zambarau, na ndani ya kila ua mna vidoto viwili vya manjano. Waingereza huuita urujuani wa Afrika. Wadachi, yaani Wajerumani, huuita urujuani wa Usambara, na mimi naona Wadachi wamesema sawasawa zaidi, kwa sababu Afrika ni kubwa. Katika somo hili tutauita ua la Usambara.

Basi tuanze na kwao. Karibu na pwani ya Tanzania na ya Kenya iko milima ambayo hupata mvua na ukungu kutoka Bahari ya Hindi: Taita, Usambara, Nguru, Uluguru na mingineyo. Milima hiyo ina misitu ya kale. Ukiingia chini ya miti mikubwa utaona miamba, na mara nyingi kijito kinapita karibu. Juu ya miamba pana kuvumwani, na katika nyufa zake pana udongo kidogo uliotokana na majani yaliyooza. Hapo ndipo ua hili linapoishi. Mizizi imeshika ufa wa jiwe. Jua halilipigi moja kwa moja, kwa kuwa miti imelikinga. Hewa ina unyevu. Maji ya mvua hupita yakateremka zake, hayatuami. Nawaombeni myashike mambo hayo manne: kivuli, unyevu wa hewa, udongo kidogo, na maji yasiyotuama. Tutayahitaji baadaye.

Duniani kote hakuna po pote pengine ambapo mmea huu huota wenyewe ila Tanzania na Kenya. Watu wa milima hiyo walipita kando ya mawe yake vizazi na vizazi. Kisha wakaja wageni.

Wa kwanza kupeleka Ulaya mmea wa jamii hii, uliokaushwa, alikuwa Sir John Kirk, balozi wa Waingereza katika Unguja. Hiyo ilikuwa mwaka 1884. Wa pili alikuwa padre Mwingereza, William Taylor, mwaka 1887, aliyeupata upande wa Giriama na Shimba, nyuma ya Mombasa. Jina hilo la Taylor wapenzi wa lugha yetu wanalijua, maana ndiye aliyekusanya methali za Kiswahili akazipiga chapa katika kitabu mwaka 1891, na tena alisaidia kuhifadhi mashairi ya Muyaka. Lakini mimea iliyokauka haikuwatosha wataalamu wa Ulaya kujua vizuri ni mmea gani. Ikalala katika makaratasi.

Mwaka 1892 alikuwako Tanga mkuu wa wilaya wa Kijerumani, jina lake Baron Walter von Saint Paul-Illaire. Nchi ilikuwa haijatulia. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka kupigana na kampuni ya Wadachi, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, naye Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Serikali ya Ujerumani ilichukua utawala mkononi mwake mwaka 1891. Huyu Baron basi alikuwa mmoja wa watawala wapya. Naye pia, kama Taylor, alikuwa mwandishi wa Kiswahili: mwaka 1890 kitabu chake cha kuwafundisha Wadachi lugha yetu kilipigwa chapa huko Ujerumani. Ni jambo la kushangaza kidogo. Watu wawili walioupeleka mmea huu nje ya nchi ndio hao hao walioyachukua maneno yetu wakayatia vitabuni.

Baron aliukuta mmea katika mahali pawili. Mahali pa kwanza palikuwa mwendo wa kama saa moja tu kutoka mji wa Tanga, katika nyufa za mawe ya chokaa, ya namna ya yale mapango ya Amboni, na si juu sana kutoka usawa wa bahari. Mahali pa pili palikuwa ndani ya msitu wa Usambara, juu ya miamba migumu, kimo cha futi 2,500 hivi. Pande zote mbili mmea ulikuwa kivulini.

Baba yake Baron alikuwa na shamba huko Silesia, nchi ambayo siku hizi imo katika Poland, naye alipenda sana mimea. Mwana alimpelekea baba yake. Baba akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani kubwa ya Herrenhausen katika mji wa Hannover. Wendland alikuwa mtaalamu. Baba yake na babu yake pia walifanya kazi katika bustani hiyo hiyo. Aliotesha mbegu, akatazama maua, akaona kwamba mmea huu haujapewa jina katika vitabu vya elimu. Mwaka 1893 akauita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni kwa heshima ya Baron na baba yake. Neno la pili maana yake ni "wenye maua kama urujuani". Mwaka huo huo ulionyeshwa katika maonyesho ya mimea katika mji wa Ghent, Ubelgiji, watu wakaupenda. Baadaye mfanya biashara wa mbegu, Ernst Benary wa mji wa Erfurt, akaanza kuuza mbegu zake. Na mbegu zake, mabwana, ni laini kama ugoro. Chache ukizifunga katika kipande cha karatasi zinaweza kuvuka bahari bila mtu ye yote kujua.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu najua baadhi yenu mmekwisha kusema moyoni: Wametuibia. Tutazame pande zote mbili. Mwaka ule ule 1893, ua la Usambara lilipokuwa likipewa jina huko Ujerumani, mmea mwingine ulikuwa ukiletwa Tanga. Dakta Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani, kama elfu moja. Njiani mingi ilikufa. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, na kwa miaka mingi mkonge ukawa zao la kwanza la kuiletea Tanganyika fedha. Asili ya mkonge ni Meksiko, na sisi hatukuwalipa watu wa Meksiko hata senti moja. Siku zile hapakuwa na sheria juu ya mambo hayo. Mapatano ya mataifa yanayosema kwamba kila nchi ina haki juu ya mimea na wanyama wake yalifanywa mwaka 1992, katika mji wa Rio de Janeiro, nayo hayarudi nyuma kuhukumu mambo ya mwaka 1892. Lakini tofauti moja iko, nayo si ndogo: faida ya mkonge, katika siku za ukoloni, nayo kwa sehemu kubwa ilikwenda Ulaya. Mmea utoke, mmea uingie, mwenye shamba alikuwa yule yule.

Haya, turudi kwenye ua letu. Kwa miaka zaidi ya 30 lilikuwa kitu cha matajiri wenye nyumba za vioo bustanini. Katika nyumba za kawaida halikukaa vizuri. Ulaya wakati ule watu wengi waliwasha taa za gesi ndani, na gesi ile iliudhuru mmea. Nyumba zilikuwa na baridi kali usiku katika majira ya kipupwe, na mmea uliozaliwa Tanga utapendaje baridi? Ilibidi kwanza nyumba zenyewe zibadilike. Taa za umeme zilipoingia, na nyumba zilipopashwa moto usiku na mchana, ndipo ua la Usambara lilipopata mahali. Maana joto linalolifaa ni lile lile linalomfaa mtu aliyeketi nyumbani kwake: kama digrii 18 mpaka 24 za sentigredi.

Hatua kubwa ilifanyika Marekani. Mwaka 1926 bustani moja ya biashara huko Los Angeles, iitwayo Armacost and Royston, iliagiza mbegu kutoka kwa Benary wa Ujerumani na kutoka Uingereza. Wakaotesha miche kama elfu moja. Wakaichambua, wakaichambua tena, wakabakiza kumi tu iliyokuwa bora. Kila mmoja wakaupa jina. Uliojulikana zaidi uliitwa Blue Boy. Kutoka katika hiyo kumi, na hasa huo Blue Boy, zilitokea aina nyingi za baadaye: zenye maua ya rangi ya waridi, nyeupe, zenye petali nyingi kama waridi dogo, zenye majani ya kukunjamana. Siku hizi aina zenye majina ni maelfu. Mwaka 1946 wapenzi wa mmea huu walikutana katika mji wa Atlanta wakaunda chama chao, nacho kipo mpaka leo. Hata angani umefika: mwaka 1984 mbegu zake zilipandishwa na chombo cha Wamarekani, zikazunguka dunia karibu miaka sita, zikateremshwa mwaka 1990 na kuoteshwa. Mbegu zenye asili ya jiwe la Tanga!

Sasa sikilizeni namna unavyotunzwa ndani ya nyumba. Mtu wa Chicago au wa Berlin hufundishwa kanuni nyingi katika vitabu, naye huzikariri bila kujua sababu zake. Ninyi mna bahati, kwa kuwa mnakijua kivuli cha msituni. Kumbukeni yale mambo manne.

Kivuli. Mmea uwekwe karibu na dirisha lenye nuru, lakini jua lisiupige. Jua la asubuhi la muda mfupi halina neno. Jua la adhuhuri litayachoma majani, yawe na rangi ya kikahawia. Tena usiuweke gizani kabisa. Ukiona vikonyo vya majani vimerefuka na kujinyosha kuelekea dirishani, ujue mmea unaomba nuru. Ugeuze chungu kidogo kila wiki, ili majani yasiegemee upande mmoja. Katika nchi za baridi wengi huutia chini ya taa za umeme za mrija, nao huridhika na kutoa maua, maana nuru ya taa hizo ni pole, kama ile ipenyayo majani ya miti.

Maji yasiyotuama. Hapa ndipo watu wengi wanapoua mimea yao, nao huiua kwa kuipenda. Wakipita asubuhi, maji. Wakirudi jioni, maji. Mizizi iliyozoea ufa wa jiwe haiwezi kukaa ndani ya tope. Huoza, na majani hulegea. Mwenye mmea akiona yamelegea hudhani ni kiu, akaongeza maji tena, na hiyo huwa mwisho wake. Tia kidole juu ya udongo. Ukiwa bado mbichi, ngoja. Ukiwa umeanza kukauka, mwagilia. Chungu lazima kiwe na tundu chini. Njia nzuri ni kukiweka chungu katika kisahani chenye maji kwa kama nusu saa, mmea unywe kwa chini, kisha ukamwage maji yaliyobaki.

Na maji yasiwe baridi. Tone la maji ya baridi likianguka juu ya jani lenye joto huacha alama ya mviringo, nyeupe au ya manjano, nayo haifutiki mpaka jani life. Teka maji jioni, yalale nyumbani, uyatumie asubuhi. Vumbi likikaa katika vinyweleo vya majani, lipanguse kwa brashi laini iliyo kavu.

Udongo kidogo. Usiupe chungu kikubwa ukidhani unauheshimu. Chungu cha kadiri ya kikombe kinatosha mmea mzima. Changanya mboji ya majani na mchanga, udongo uwe mwepesi, usishikamane kama wa kufinyangia vyungu. Mbolea ni kidogo sana, tena iliyozimuliwa kwa maji.

Unyevu wa hewa kwetu si tatizo kubwa kama kwa wenzetu wa nchi za baridi, ambao nyumba zao hukaushwa na moto. Aliye Dodoma, penye hewa kavu, aweke changarawe katika kisahani, atie maji kidogo chini ya changarawe, na chungu kikae juu yake bila kugusa maji. Aliye Dar es Salaam tatizo lake ni joto. Atafute mahali pa baridi zaidi katika nyumba, penye kupita hewa.

Jambo lililoufanya mmea huu uenee ni namna unavyozaa. Kata jani moja zima pamoja na kikonyo chake, kikonyo kiwe na urefu wa kama pingili ya kidole. Kichomeke katika mchanga mbichi uliochanganywa na mboji. Baada ya wiki tatu au nne huwa na mizizi. Baada ya miezi miwili hivi utaona vijimajani vidogo vinachomoza chini yake. Mtoto huyo atakuwa sawasawa na mama yake, rangi kwa rangi. Jani moja hutoa miche kadhaa, na kila mche una majani ya kukata tena. Kwa njia hii bibi mmoja huweza kuwagawia majirani wa mtaa mzima, na mwenye bustani ya biashara huweza kupata elfu nyingi kutoka katika mmea mmoja. Mbegu ni jambo jingine. Ndani ya nyumba mmea huu ni nadra kujizalia mbegu wenyewe, kwa sababu chavua imefungiwa katika vile vidoto vya manjano, nayo hungoja nyuki aje kuvitikisa.

Nimesema habari za mimea iliyo nyumbani. Ile iliyobaki msituni hali yake ni nyingine. Kivuli kile ni cha miti, na miti ilianza kukatwa mapema. Katika miaka ile ile ya 1890 Wadachi walifyeka sehemu za Usambara Mashariki kupanda kahawa, nayo haikustawi sana. Baadaye ikaja chai. Ikaja kazi ya kupasua mbao. Likaja zao la iliki, ambalo wakulima wadogo walilipanda chini ya miti mikubwa baada ya kufyeka vichaka. Mti ukiangushwa, jua hulipiga jiwe, kuvumwani hukauka, na ua la Usambara hufa hapo hapo lilipo. Haliwezi kuhama.

Wataalamu wamehesabu jamii za mmea huu kwa namna mbalimbali. Katikati ya karne iliyopita mtaalamu wa Edinburgh, B. L. Burtt, alizigawanya mpaka zikakaribia 20. Wengine baadaye wakazipunguza. Mwaka 2015 hata jina la Saintpaulia lilibadilishwa. Katika vitabu vya elimu sasa mmea unaitwa Streptocarpus ionanthus, ingawa wenye kuupanda nyumbani bado wanalipenda jina la zamani. Majina hayo si kitu kwa mmea wenyewe. Kitu ni kwamba baadhi ya jamii zake zimebaki mahali padogo sana. Mmoja unaonekana katika msitu wa Mbololo tu, huko Taita, Kenya. Msitu huo ukiisha, nao umekwisha.

Serikali ya Tanzania ilitenga hifadhi ya mazingira asilia ya Amani mwaka 1997, mahali ambapo Wadachi walikuwa na chuo chao cha utafiti wa mimea na kilimo tangu mwaka 1902. Miamba mingi ya ua hili imo humo, na humo hairuhusiwi kung'oa mmea. Halafu, ili kuunganisha misitu, sehemu ya Derema nayo ilitengwa. Huko walikuwako wakulima wa iliki. Iliwabidi waache mashamba yao ya msituni, na wakalipwa fidia, lakini malipo yalichelewa, na wengi walilalamika kwamba hayakulingana na kile walichopoteza. Iliki ni zao la kila mwaka. Fedha ya fidia huja mara moja. Nalitaja jambo hili kwa sababu vitabu vya Ulaya vinavyolisifu ua la Usambara mara nyingi hulisahau. Kivuli cha lile jiwe kina gharama, na gharama hiyo kwa sehemu kubwa imeangukia watu waliokuwa na ekari chache.

Viongozi wa madarasa, nawaomba baada ya matangazo haya mliweke swali hili mbele ya wenzenu, wajibizane juu yake kabla ya kuandika: mkulima wa Derema angelipwaje, na nani, ili msitu ubaki naye asipungukiwe? Wenye maoni wayaandike kwa sentensi fupi, na herufi zisomeke.

Na anayetaka kuuotesha mmea huu asiende kuutafuta katika miamba. Anunue chungu kimoja kwa wenye bustani za mjini, au amwombe jirani jani moja. Juma lijalo tutakuwa na habari za mkarafuu. Kwaherini.